Nishani za Baba Yangu

Muhula uliopita, nilipokuwa nikifundisha Kidato cha Tatu habari za Vita Kuu ya Pili, nilileta darasani kopo la tumbaku la marehemu baba yangu. Ndani yake mna nyota tatu za rangi ya shaba, kila moja ina ncha sita na utepe wake, na pamoja nazo iko nishani moja ya mviringo yenye rangi ya fedha. Wanafunzi walizipitisha mkono kwa mkono. Mmoja wao, kijana wa dawati la nyuma ambaye kwa kawaida hasemi mengi, aligeuza nyota moja, akaitazama mgongoni, akauliza: "Mwalimu, mbona haina jina? Tutajuaje kuwa ilikuwa ya baba yako?"

Kengele ililia kabla sijajibu, nami nikaona afadhali, maana jibu lake si la dakika mbili. Niliahidi kumwandikia. Mhariri wa gazeti letu aliposikia ahadi hiyo hakuniacha tena mpaka nilipompa kurasa hizi. Wazazi watakaozisoma wanisamehe nikieleza mambo ambayo baadhi yao walikwisha kuyasikia kwa babu zao.

Baba aliandikwa katika jeshi la Keya mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 19 au karibu na hapo, kwa kuwa siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa mahali popote. Keya ndilo jina ambalo watu wetu waliliita jeshi la King's African Rifles, kwa kuzitamka upesi upesi zile herufi K.A.R. Aliwekwa katika kikosi cha sita, kilichokuwa cha Tanganyika, na mwaka 1941 wakapelekwa Ethiopia kupigana na Waitaliani. Alikuwako Kolito siku ile ya tarehe 19 Mei, 1941, ambapo Sajini Nigel Leakey wa kikosi hicho hicho aliruka juu ya kifaru cha adui, akaufungua mfuniko wake kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwamo, kisha akakifuata kifaru kingine na kuuawa. Mwaka 1942 kikosi kikavuka bahari hadi Madagaska, kikashuka Majunga na kwenda hadi Tananarive. Mwaka 1943 baba akahamishwa, akaingia katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ya begani ilikuwa kichwa cha kifaru. (Huyu sasa ni kifaru mnyama, si kifaru cha vita, nawajua wanafunzi wangu.) Divisheni hiyo ilipelekwa Ceylon, kisiwa kinachoitwa leo Sri Lanka, na mwaka 1944 ikaingia Burma. Mwaka 1946 baba aliachishwa jeshi, akarudi kwetu Iringa na blanketi moja, koti zito moja, na cheti.

Cheti hicho nilikijua tangu utoto. Kilikuwa kimekunjwa mara nne na kutiwa ndani ya kopo la tumbaku, na kopo likawekwa juu darini mahali ambapo panya hawakufika. Mimi ni kitinda mimba, nami ndiye niliyekuwa msomaji wa nyumba. Kila barua iliyofika ilingoja nirudi kutoka shuleni. Nilipokuwa darasa la saba, baba aliona kwamba Kiingereza changu kimetosha, akakiteremsha kile cheti akanipa. "Soma," akaniambia, "unieleze wameandika nini juu yangu."

Nilisoma, nikasoma tena, nisimwone baba mle ndani. Jina lake la kwanza lilikuwa sawa. Jina la pili, ambalo lina L mbili, lilikuwa limepata R mbili, likawa jina la mtu wa kabila jingine kabisa. Mwaka wa kuingia jeshini ulikuwa 1943. Mahali pa utumishi paliandikwa Afrika Mashariki, basi. Hakuna Madagaska, hakuna Ceylon, hakuna Burma. Na katika nafasi ya nishani palipigwa chapa nishani moja tu, ile War Medal, ambayo alistahili kila askari aliyetumika walau siku 28 wakati wa vita, hata kama hakupata kutoka nje ya lango la kambi.

Nilipomweleza hakukasirika. Alicheka kidogo, akasema, "Kumbe yule karani alimwachisha jeshi mtu mwingine."

Nadhani kosa lilitokea hivi. Alipohamishwa mwaka 1943 alipewa namba mpya na kufunguliwa ukurasa mpya, na ule wa zamani ukabaki kwa kikosi cha zamani. Halafu huko Burma aliugua malaria, akapelekwa hospitali India, na kutoka huko akarudishwa kwa meli pamoja na wagonjwa wa vikosi mbalimbali, si pamoja na wenzake. Alipofika kambi ya kuachishia askari, watu walikuwa wengi mno wakingoja kwenda makwao, na karani aliyekaa mezani hakuwa na ukurasa wake wowote. Aliandika alichosikia. Baba hakujua Kiingereza. Akatia dole gumba, akapanda lori.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua. Watu wa kijijini walimjua, nao walitaka hadithi, hawakutaka cheti. Msimu wa ulanzi wazee walipokutana jioni uani kwetu, walimwomba hadithi moja kuliko zote, nayo ilikuwa ile ya mto Chindwin. Alianza na bonde la Kabaw, ambalo askari waliliita Bonde la Mauti. Alieleza jinsi mvua ilivyonyesha mwezi baada ya mwezi, magari yakazama katika tope mpaka vyakula vikawa vinaangushwa na ndege. Jinsi walivyomezeshwa kila siku vidonge vya kuzuia malaria vilivyowageuza ngozi kuwa ya manjano. Jinsi Wajapani walivyojifukia juu ya vilima wakangoja kimya. Kisha alifika Kalewa, ukingoni mwa Chindwin, na hapo alisimama. Alitumia mikono yote miwili kuonyesha daraja. Lilikuwa daraja la vipande vya chuma vilivyounganishwa, likielea juu ya maji, lenye urefu wa futi 1,154, na wakati ule, Desemba 1944, halikuwapo jingine la aina ile duniani lililolizidi kwa urefu. Alieleza jinsi lilivyocheza chini ya miguu, na jinsi alivyokataa kutazama maji. Watoto tulikuwa tukishikana mikono kama tulio juu ya daraja. Nami nilipokuwa mwalimu niliipeleka hadithi hiyo darasani mwangu, nikiwaambia wanafunzi: baba yangu alivuka pale.

Mwaka 1994 palikuwa na sherehe ya kuwakumbuka askari wa zamani katika mji mmoja ambao sitautaja. Baba alikwenda na koti lake. Penye viti alikuwako kijana mwenye orodha, aliyekuwa akitazama vyeti. Akamwambia kwa adabu zote, "Mzee, samahani. Cheti chako hakisemi Burma. Wazee wa Burma ndio wanaokaa mbele." Baba hakubishana. Alikwenda akakaa nyuma chini ya mwembe, karibu na akina mama waliokuwa wakiuza karanga, akaitazama sherehe kutoka huko. Nyumbani hakusema neno. Habari hizo nililetewa na watu wengine, wiki mbili baadaye, nami niliona haya kama kwamba mimi ndiye niliyeandika kile cheti.

Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka 1995 alikuja nyumbani kwangu, akakaa, akanywa chai, akasema: "Mwanangu, wewe ni mwalimu. Makosa ya mwanafunzi huyasahihishaje?"

"Kwa kalamu nyekundu, baba."

"Basi tafuta kalamu."

Kwanza nilitaka kujua anadai nini hasa. Nilisoma vitabu nilivyoweza kupata, na mambo yenyewe si magumu. Nyota ya 1939-45 ilitolewa kwa askari aliyekaa miezi sita katika nchi zilizokuwa na mapigano. Utepe wake una rangi tatu zilizo sawa kwa upana, buluu iliyoiva, nyekundu na buluu nyepesi, maana yake jeshi la majini, la nchi kavu na la anga. Nyota ya Afrika ilihusu pia vita vya Ethiopia mpaka mwezi Novemba 1941, nayo ina utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati. Nyota ya Burma ina utepe wa buluu iliyoiva, mstari mwekundu katikati na rangi ya chungwa pembeni, na askari wa nchi kavu aliipata hata kama alikanyaga Burma ya vita siku moja tu. Madagaska haina nyota yake. Siku za huko zilihesabiwa katika ile ya 1939-45. Baba alisikitika kidogo juu ya Madagaska, maana alipapenda.

Nyota tatu, basi, na moja yake iliamriwa Mei 1945, vita vikiwa karibu kwisha. Nishani zenyewe zilitengenezwa baada ya vita, askari wengi wakiwa wamekwisha kurudi mashambani mwao. Hata askari wa Uingereza waliotoka jeshini ilibidi waziombe kwa kujaza karatasi. Mtu aliyetia dole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma angejuaje kuwa iko karatasi nyingine ya kuombea?

Sasa ndipo linapokuja swali la yule kijana wa dawati la nyuma. Australia na Afrika ya Kusini walichonga majina ya askari wao juu ya nyota hizo. Uingereza haikufanya hivyo. Nyota zake zina taji, herufi za Mfalme George wa Sita na jina la nyota, lakini jina la mtu halimo. Kwa hiyo yeyote anaweza kuivaa. Fundi mmoja wa saa mjini alinifundisha jambo hilo bila kukusudia. Aliposikia ninachotafuta alifungua mtoto wa meza, akanionyesha Nyota ya Burma na ile ya 1939-45, alizouziwa na mjane fulani. Bei yake haikuwa kubwa. "Mwalimu," akasema, "ya nini kuandika barua Ulaya? Mnunulie mzee nyota zake akae mbele."

Nakiri kwamba nilirudi nyumbani nikiwaza. Baba alikuwa na umri wa miaka 74, macho yake yameanza kuingiwa na mtoto wa jicho, na barua za Ulaya zilikuwa zikichukua majuma. Mwisho nilimweleza. Aliniuliza, "Aliyezivaa ni nani?" Nikasema sijui. "Basi tukizinunua watakuwa wawili wasio na jina, yeye na mimi." Akanikataza kupita tena kwa yule fundi, hata kwa kutengeneza saa.

Tukaanza kukusanya ushahidi. Kopo la tumbaku lilimwagwa juu ya mkeka, na chini kabisa, pamoja na vifungo na sindano, kikatoka kitu kilichofanya moyo wangu uruke. Askari wa Uingereza na wa makoloni yake walivaa shingoni vibao viwili vidogo visivyokuwa vya chuma, kimoja cha kijani chenye pembe nane na kimoja chekundu cha mviringo, vilivyogongwa jina, namba na dini. Akifa, chekundu kiliondolewa na cha kijani kikaachwa na mwili wake. Baba alikuwa bado anacho kile cha kijani alichopewa mwaka 1940. Namba yake ilikuwa nyingine, si ile ya kwenye cheti, na jina lilikuwa na L mbili. Kwa miaka 50 ukweli ulikuwa umelala chini ya sindano.

Palikuwa pia na picha aliyopigwa Ceylon, ambayo kifaru cha begani kinaonekana vizuri, na nyuma yake mpiga picha alikuwa amegonga muhuri wake na mwaka 1943. Lakini picha na kibao havitoshi. Alitakiwa mtu wa kuapa kuwa askari wa namba hii ndiye yule wa namba ile.

Mtu huyo alikuwa Njombe. Alikuwa rafiki ya baba tangu Ethiopia, wakahamishwa pamoja, wakaingia Burma pamoja. Nilimfuata kwa basi nikamkuta shambani akipalilia viazi, mzee mrefu aliyeinama kidogo. Nilimwamkia, akaniuliza habari za baba kabla ya kuuliza mimi ni nani. Alikuwa amekwisha kuniona usoni. Tulikwenda pamoja kwa hakimu, naye akaapa. Hati ya kiapo chake ninayo mpaka leo. Imesema kwamba alimjua baba tangu mwaka 1940 kwa namba ya kwanza, kwamba namba ya pili ni yake pia, kwamba walikuwa wote Ethiopia, Madagaska, Ceylon na Burma, katika bonde la Kabaw, wakati wa mvua kubwa ya mwaka 1944. Hapo ikakoma.

Tulipotoka nje nilimwonyesha karatasi ya maombi niliyokwisha kuijaza kwa niaba ya baba, nikaisoma kwa Kiswahili. Nilipofika penye maneno kwamba alivuka Chindwin kwa daraja la Kalewa Desemba 1944, mzee alinisimamisha. "Umeandika Chindwin?" Nikajibu ndiyo. Akatazama upande wa barabara. "Hilo mwulize baba yako vizuri," akasema, kisha akaanza kuzungumza habari za viazi. Nilidhani amechoka. Kijana mwenye haraka huona mengi kuwa ni uchovu wa wazee.

Niliituma karatasi kama ilivyokuwa, kwa barua ya rejista, mwezi Agosti 1995, ulimwengu ukiadhimisha miaka 50 tangu Japani iliposhindwa. Baada ya miezi mitatu lilikuja jibu la ofisi inayohusika huko Uingereza kwamba mtu wa jina hilo na namba hiyo hakuonekana. Walikuwa wametafuta kwa namba ya cheti. Nikaandika tena, nikieleza namba mbili na kibao cha kijani, nikatia picha ya kibao pande zote mbili. Kimya. Mwaka 1996 wote ulipita. Kila nilipokwenda kumwamkia, baba aliniuliza, "Kalamu yako imekauka?" nami nikajibu kwamba bado ina wino.

Wakati huo wa kungoja nilisoma habari zilizonituliza kidogo. Hata Sajini Leakey, aliyefanya ushujaa mbele ya macho ya kikosi kizima, nishani yake ya Victoria Cross haikutangazwa mpaka Novemba 1945, miaka minne na nusu baada ya kufa. Na Mmarekani mweusi aitwaye Henry Johnson, aliyepigana usiku na kikundi cha Wajerumani huko Ufaransa mwezi Mei 1918 na kupata majeraha mengi, alipewa nishani na Wafaransa, lakini hati zake za kuachishwa jeshi huko kwao Marekani hazikutaja hata jeraha moja. Alikufa mwaka 1929. Nishani ya waliojeruhiwa alipewa mwaka 1996, na ile kubwa kuliko zote za nchi yake akapewa baadaye sana, mwaka 2015. Hii ya mwisho nimeiongeza sasa. Wakati ule nilijua ile ya 1996 tu, nayo ilinitosha kuendelea kununua stampu.

Mwezi Mei 1997 niliitwa posta. Palikuwa na kifurushi kidogo kilichofungwa vizuri. Sikukifungua. Nilikwenda nacho moja kwa moja hadi kwa baba, nikamkuta amekaa juani, maana siku hizo alikuwa haoni tena ila mwanga na vivuli. Nilikata kamba, nikamwekea nyota mkononi moja moja. Alizipapasa kwa vidole. Alihesabu ncha kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka sita, kisha akaanza nyingine. Aliuliza rangi za tepe, nikamweleza, akaichagua ile ya Burma akaiweka kwenye paja lake peke yake.

Yeye alipokuwa akihesabu ncha, mimi nilikuwa nikisoma barua. Ilikuwa imeambatanishwa na muhtasari wa utumishi wake, ukurasa mmoja uliopigwa chapa safi. Jina lilikuwa na L mbili. Namba zote mbili zilikuwamo. Mwaka wa kuingia, 1940. Ethiopia, Madagaska, Ceylon. Burma, kuanzia Agosti 1944. Na mstari wa chini yake ulisema kwamba mwishoni mwa Oktoba 1944 aliondolewa bondeni akiwa mgonjwa wa malaria, akapelekwa Imphal, na kutoka huko hospitali nyingine ndani zaidi ya India, ambako alilazwa hadi mwaka 1945. Hakurudi tena kwenye kikosi chake.

Daraja la Kalewa ni la Desemba. Niliusoma ule mstari mara nyingi. Nilimkumbuka mzee wa Njombe akitazama barabara. Nilikumbuka madarasa yote niliyoyaambia kwamba baba yangu alivuka pale.

Nataka wasomaji waelewe hali yangu. Baba alikuwa kipofu. Mtu pekee aliyeweza kumsomea karatasi ile alikuwa mimi. Nyota ya Burma ilikuwa halali yake kabisa, siku moja ingetosha na yeye alikaa karibu miezi mitatu katika tope la Kabaw. Daraja halikuongeza wala kupunguza kitu. Ningeweza kusoma majina ya nchi nikaukunja ukurasa, na hakuna ambaye angejua. Lakini miaka miwili nilikuwa nimeandika barua nikiwalaumu watu kwa kuacha yaliyokuwamo na kuandika yasiyokuwamo. Basi nilisoma yote, mstari kwa mstari, nikatafsiri. Nilipofika Oktoba sauti yangu ilipungua, lakini nilimaliza.

Baba alinyamaza muda mrefu. Kuku walipita kati yetu. Mwisho akasema, bila kunielekea: "Habari za daraja lile nilizipata hospitalini. Kila Keya aliyeletwa alilieleza, na rafiki yangu naye akanieleza tena tulipokutana mwaka 1946. Niliporudi hapa watu wakaniuliza, ulivuka? Nikanyamaza kidogo, nao wakaona kunyamaza kwangu ni ndiyo, wakaanza kupiga makofi. Mwaka wa kwanza niliona haya. Mwaka wa pili nililiona daraja lenyewe, nikiwa macho. Mpaka leo naliona." Akaishika tena ile nyota. "Je, hii wataichukua?"

Nilimweleza kanuni ya siku moja. Alishusha pumzi.

"Na katika karatasi yetu uliandika kwamba nilivuka?"

"Niliandika, baba."

"Bado kalamu ina wino?"

Niliandika barua ya mwisho jioni ile ile, yeye amekaa karibu yangu. Nilisema kwamba katika maombi yetu ya mwaka 1995 tuliandika kuwa askari huyu alivuka mto Chindwin, na kwamba hilo ni kosa letu, tunaomba lifutwe. Alitaka kutia dole gumba, lakini nilimshika mkono akaandika jina lake, pole pole, na L zake mbili zikaegemeana kama watu wenye ulanzi kichwani. Jibu lilikuja baada ya muda, fupi sana: wameshukuru, na barua imewekwa katika jalada lake.

Kwa wazee wa kijijini alikwenda mwenyewe. Sikuwapo, lakini niliambiwa kwamba walicheka, kisha mmoja wao akakasirika, akasema kwamba kwa miaka 50 amelipa ulanzi kwa daraja la mtu mwingine. Wakapatana kwa ulanzi.

Mwaka 1998 zilifanyika tena sherehe za askari wa zamani, na mzee wa Njombe naye akaja. Baba alivaa koti lake zito, nyota tatu na nishani ya mviringo, zikiwa zimepangwa kwa taratibu yake. Nilizishona mimi, na nilijichoma sindano. Safari hii nilikuwa na ule muhtasari mfukoni, lakini hakuna aliyeuomba. Walikaa mbele wote wawili. Watoto wa shule moja ya msingi waliletwa kuwasalimu, na mtoto mmoja wa kike, aliyeambiwa na mwalimu wake kwamba hawa ndio wazee wa Burma, akamwuliza baba kama ni kweli palikuwa na daraja refu kuliko yote duniani, na kama alilivuka.

"Lilikuwako, mjukuu wangu," baba alijibu. "Lakini mimi nilikuwa nalala hospitali. Huyu hapa ndiye aliyevuka." Akampapasa mzee wa Njombe begani, akamsukuma mbele kidogo. Mzee wa Njombe akasimama, akaanza kueleza, naye alieleza vibaya mno, akasahau tope, akasahau vidonge vya manjano, mpaka baba akawa anamkumbusha.

Baba alifariki mwaka 2001. Muhtasari wa utumishi wake, pamoja na nakala za barua zetu zote, ile ya mwisho ikiwa ya juu, umo katika jalada ninalolitunza nyumbani, na kibao cha kijani nimekifunga hapo kwa uzi. Nyota zimerudi katika kopo. Nitaleta kopo na jalada pamoja siku ya Jumatano ya juma la pili la muhula ujao, katika chumba cha historia, baada ya vipindi. Yule kijana wa dawati la nyuma atafadhali kufika mapema, atusaidie kupanga meza.